Jinsi ya kutengeneza sensa ya nanotyubu za kaboni ya kunasa DNA ya virusi, na sehemu ambazo wengi tunakwama

Wengi wanaoanza hii kazi wanadhani ugumu wote uko kwenye nanotyubu, wanamaliza miezi wanatafuta tyubu safi zaidi, halafu wakishazipata wanadondoshea DNA juu, wanaona karenti imeshuka, wanashangilia. Mimi nilishangilia hivyo hivyo. Wiki iliyofuata nikaweka DNA ambayo haihusiani kabisa na virusi niliyekuwa namtafuta, herufi zake (zile A, T, G na C) nimezichanganya tu, na karenti ikashuka vile vile, karibu kiasi kile kile. Iliniuma sana maana nilikuwa nshaandika ripoti.

Kwa hiyo kabla hatujagusa chochote naomba hili likae kichwani: sensa yako haijui virusi ni nini. Inachohisi ni chaji iliyosogea karibu na ukuta wa tyubu, basi. Kuifanya hiyo chaji imaanishe virusi fulani na isimaanishe uchafu, protini au DNA ya mtu mwingine, hiyo ni kazi yako wewe, na inafanyika kwenye vitu vitatu, yaani probu (uzi mfupi wa DNA unaofungwa kwenye tyubu ili umnase virusi), chumvi na kontroli (vipimo vya kulinganishia). Huko ndiko ntakaa muda mrefu.

Kinachoendelea mle ndani

Nanotyubu ya ukuta mmoja ni kama karatasi ya kaboni yenye unene wa atomi moja ambayo imeviringishwa ikawa bomba, kipenyo chake nanomita 1 au 2 hivi. Zile za kuta nyingi Sumio Iijima alizielezea mwaka 1991, za ukuta mmoja zikaripotiwa 1993, na mwaka 1998 zilikuwa tayari zimeshatumika kutengeneza transista, yaani swichi ndogo ambayo karenti inatoka mguu mmoja (sosi) kwenda mwingine (dreni) na mguu wa tatu (geti) unaiongoza kwa volteji. Sensa yetu ni transista ya aina hiyo. Sababu ya watu wa sensa kuzipenda ni kwamba kila atomi iko juu, hakuna atomi iliyojificha ndani, kwa hiyo chochote kikitua pale karenti yote inakihisi. DNA nayo kila herufi yake inabeba kundi la fosfeti lenye chaji hasi moja, maana yake uzi wa herufi 20 ukija kukaa juu ya tyubu umekuja na chaji hasi kama 20 hivi. Hiyo ndo ishara yako.

Angalia jambo moja hapa. Ukichukua nanotyubu zilivyotoka kiwandani, kama theluthi moja zinapitisha umeme kama chuma na theluthi mbili ndo zenye tabia ya nusu kipitishi. Zile za tabia ya chuma hazijali geti inasema nini, zinapitisha tu, na zikiwa nyingi zinazamisha ishara yako yote. Nunua zilizochujwa, zile za asilimia 99 kwenda juu za nusu kipitishi, zinakuja zikiwa zimeelea kwenye maji yenye sabuni.

Na tafadhali usinunue za unga kama huna sababu ya msingi. Unga wake ni mwepesi sana, unaruka ukifungua tu kifuniko, na mapafu hayajui kuutoa. Mwaka 2014 wataalamu wa IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, waliipanga aina moja ya nanotyubu za kuta nyingi, MWCNT-7, kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Zikiwa kwenye maji hatari inapungua sana, ila matone yakikauka mezani umerudi pale pale, futa na karatasi mbichi.

Chagua virusi na uandike probu

Hapa ndo pa kukaa kwanza kabla hujasafisha hata chipu moja. Chagua virusi ambaye jenomu yake, yaani maelezo yake yote ya urithi, ni DNA kweli. Hepataitisi B ni mzuri kuanzia, jenomu yake ni ndogo, herufi kama 3200 tu. HPV (virusi vya papiloma) nayo ina kama 8000, na aina ya 16 na 18 ndizo zinazohusika na sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi kwa hiyo kazi yake ina maana. Korona na VVU wanabeba RNA, na RNA inaweza kushikana na probu ya DNA bila shida lakini inaoza haraka mno, kuna vimeng'enya vya kuikata hadi kwenye ngozi ya vidole vyako, kama ndo mara ya kwanza waache hao.

Halafu usianze na damu ya mgonjwa. Anza na DNA ya kutengenezwa, uzi mmoja mfupi unaoagiza ukiwa na herufi unazotaka. Haiambukizi, haihitaji kibali cha maadili, na muhimu kuliko yote unajua kiasi chake kamili.

Probu yangu huwa naandika herufi 20 hivi. Nachukua mifuatano mingi ya huyo virusi kutoka GenBank, hifadhi ya mtandaoni ya mifuatano ya DNA, nazipanga sambamba, natafuta sehemu ambayo haibadilikibadiliki toka aina moja hadi nyingine. Nikishapata nahakikisha G na C jumla ni kati ya asilimia 40 na 60, uzi haujikunji wenyewe kama pini ya nywele, na nautafuta kwenye jenomu ya binadamu kwa BLAST (programu ya kutafuta mifuatano inayofanana), kama kuna kipande cha binadamu kinachofanana nao karibu wote nauacha naanza upya. Kwenye ncha yake ya 5', ile ambayo uzi unaanzia kusomwa, naagiza uwekewe amini (kikundi chenye naitrojeni) yenye mnyororo wa kaboni 6, hiyo ndo itakayofunga kwenye tyubu.

Siku hiyo hiyo unaagiza na hizi tatu usiseme utaagiza baadaye: uzi pacha wa probu (sio nakala yake, ni ule ambao herufi zake zinashikana na za probu, A na T, G na C), uzi pacha wenye herufi moja tu iliyokosewa katikati, na uzi wa urefu ule ule usiohusiana kabisa. Bila hizo mbili za mwisho huna sensa, una kipande cha silikoni kinachobadilika badilika.

Chipu

Chukua kipande cha waferi (sahani nyembamba) ya silikoni chenye oksaidi juu, nanomita 300 inatosha. Osha kwa asitoni, halafu isopropanoli, halafu maji safi ya maabara, kausha kwa nitrojeni. Ukiwa na mashine ya plazma ya oksijeni ipitishe dakika chache. Kisha inahitaji gundi ya chini ya kuzishika tyubu, poli-L-lisini ndo rahisi kuliko zote, unadondoshea, unasubiri dakika 5, unasuuza. Wengine wanatumia APTES, kemikali nyingine ya kushikia, na inafanya kazi vizuri ila inachukia unyevu, chupa ikishafunguliwa mara nyingi unapata mabonge mabonge.

Juu yake mwaga tyubu zako, acha dakika 10 hadi saa nzima kulingana na unavyotaka zijae, suuza kwa maji mengi. Nikisema mengi namaanisha mengi, sababu ile sabuni iliyokuwa inazielesha tyubu imezikumbatia, na ikibaki pale pairini tutakayoleta baadaye haitapata pa kukaa. Mimi nasuuza, nakausha, nasuuza tena.

Unachotaka kuona chini ya darubini ya AFM (inayopapasa uso kwa ncha nyembamba) ni wavu mwepesi, kama nyavu za samaki zilizotupwa ovyo, tyubu zinagusana lakini silikoni bado inaonekana katikati. Zikijaa sana hata zile chache za tabia ya chuma zinakutana na kutengeneza njia yao. Zikiwa chache mno hakuna njia kabisa.

Elektrodi weka titani nanomita 5 na dhahabu nanomita 50 juu yake kupitia maski, ukiacha nafasi ya maikromita kadhaa kati ya sosi na dreni. Baadaye funika dhahabu yote kwa polima ya kuhami, acha dirisha dogo la tyubu peke yake. Usiiruke hii. Dhahabu inapenda sana kushikwa na DNA na protini, na kitu kikitua pale tyubu inapokutana na dhahabu karenti inabadilika sana, utadhani ni tyubu kumbe ni kona.

Ipime ikiwa tupu. Weka kisima kidogo cha silikoni ya mpira (sio ile ya waferi) juu ya dirisha, mimina bafa, yaani maji yenye chumvi yanayoshikilia pH isibadilike, tumbukiza elektrodi ya rejea ya fedha na kloridi ya fedha iwe ndo geti yako. Kati ya sosi na dreni weka milivolti 50 hadi 100, volteji ya geti izungushe kutoka volti 0.6 hasi hadi volti 0.6 chanya, usizidishe sana maana maji yanaanza kufanya kemia yake. Chipu nzuri karenti yake inakuwa kubwa upande hasi na inazimika ukielekea chanya. Angalia pia karenti inayovuja kwenye geti, ikikaribia ile ya dreni tupa chipu hiyo, usiihurumie. Zungusha kwenda na kurudi, ile tofauti ya njia mbili iandike, itakusaidia kujua mabadiliko madogo kiasi gani unaweza kuyaamini.

Kufunga probu

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuzichemsha tyubu kwenye asidi ya salfuriki na naitriki ili zipate vikundi vya kaboksili halafu unafunga amini pale. Kwa elektrodi za kielektrokemia za kuta nyingi ni sawa kabisa, lakini kwa transista unakuwa umetoboa ukuta wa tyubu na ile sifa yake ya umeme unaiharibu. Ya pili, ninayoipenda, ni pairini. Pairini ina pete 4 za kaboni zilizoungana bapa, inalala juu ya tyubu kama jani juu ya jani bila kuvunja kifungo chochote, na mkia wake una esta inayongoja amini. Watu wa maabara wanaiita PBASE.

Yeyusha PBASE milimola 1 hadi 5 kwa lita (vipimo vyote vya mola humu ni kwa lita) kwenye kiyeyusho cha DMF au methanoli, mimina kwenye chipu saa moja, chumba chenye kivuta hewa na glavu, DMF inapita kwenye ngozi na ini halipendi. Suuza kwa kiyeyusho kile kile kwanza, sio maji, ukianza na maji PBASE iliyobaki inaganda juu kama chumvi.

Kuanzia hapo saa inakimbia. Ile esta ikikutana na maji inaanza kufa, kwa hiyo probu iwe tayari mezani, maikromola 1 kwenye bafa ya fosfeti pH 8 hivi. Naomba usome hapa mara mbili: usitumie bafa ya Tris. Tris ina amini yake mwenyewe, na iko nyingi kuliko probu mara elfu kadhaa, itakaa kwenye kila esta na probu yako itasuuzwa yote ikaenda na maji. Nilipoteza wiki 3 kwa hili, nabadilisha tyubu, nabadilisha chipu, kumbe probu ilikuja imeyeyushwa kwenye bafa ya TE ambayo T yake ndo Tris na mimi naitumia moja kwa moja. Yeyusha probu kwenye maji au fosfeti mwenyewe.

Dondosha maikrolita 10, weka chipu kwenye kisanduku chenye karatasi mbichi pembeni ili tone lisikauke, funika, iache usiku kucha kwenye nyuzi joto 4. Asubuhi suuza, halafu ethanolamini milimola 100 kwa dakika 30 ili izime esta zilizobaki, kisha Tween 20 (sabuni laini) asilimia 0.05 ambayo inafunika sehemu tupu za tyubu. Sehemu tupu ndo adui mkubwa, herufi za DNA zenyewe ni bapa na zinapenda kulala juu ya nanotyubu bila kualikwa, na ule uzi wangu usiohusiana ulioshusha karenti ulipita hapo hapo.

Chumvi

Hapa ndo roho ya kazi yote. Kwenye maji yenye chumvi ioni zinaizunguka kila chaji na kuificha, na umbali ambao chaji bado inaonekana unaitwa urefu wa Debye. Kwenye PBS ya kawaida, yaani bafa ya fosfeti yenye chumvi, ni kama nanomita 0.7 tu. Ukiipunguza makali kwa maji mara 10 unapata 2.3, ukiipunguza mara 100 unapata kama 7.

Sasa pima na urefu wa DNA yako. Uzi mbili zilizoshikana zina nanomita 0.34 kwa kila jozi, herufi 20 ni nanomita 6.8. Yaani kwenye PBS ya kawaida sensa inaona jozi kama mbili za chini kabisa na zilizobaki zote ziko gizani, unaweza kuwa umenasa virusi na mashine haina habari. Kwenye PBS iliyopunguzwa mara 100 uzi mzima unaonekana hata ukisimama wima. Hii hesabu ndo sababu nasema herufi 20 na sio 60, ukirefusha probu unaongeza chaji ambayo hutaiona.

Lakini DNA inahitaji chumvi ili ishikane, bila chumvi zile fosfeti zinasukumana na nyuzi zinaachana. Kwa hiyo unafanya kwa zamu. Kunasa fanya kwenye PBS kamili, saa moja, joto nyuzi 5 hadi 10 chini ya lile la kuachana, maana ukiacha baridi sana hata ile yenye herufi moja mbovu itashika. Halafu suuza kwa PBS hiyo hiyo, kisha ya mara 10, kisha ya mara 100, pima hapo haraka ukiwa kwenye joto la kawaida la chumba, usichelewe.

Mwenye hela ya kutosha abadilishe probu iwe PNA. Ile ina herufi zile zile ila uti wake wa mgongo hauna chaji, kwa hiyo haisukumani na uzi unaokuja, inashika hata kwenye chumvi kidogo, na inaikataa herufi mbovu vizuri zaidi kuliko DNA. Toka nimehamia huko nimelala vizuri.

Kupima

Acha chipu kwenye bafa ya kupimia dakika 20 hadi 30 kabla ya kuandika chochote, karenti huwa inateleza polepole mwanzoni na ukianza mapema utauita mteremko huo virusi. Pima bafa tupu, kisha uzi usiohusiana kwa kiasi kikubwa kuliko vyote utakavyotumia, kisha ule wa herufi moja mbovu, mwisho pacha, kutoka kiasi kidogo kwenda kikubwa: pikomola 1, 10, 100, nanomola 1, 10. Usianzie juu, uso ukishajaa haurudi. Chipu nyingine iwe na kila kitu isipokuwa probu, nayo ipite njia yote hiyo hiyo.

Kila namba igawe kwa karenti ya kuanzia ya chipu yake maana hakuna chipu mbili zinazofanana. Kuhusu uelekeo, kinadharia chaji hasi inatakiwa iongeze wabebaji wa chaji na karenti ipande, ila chipu nyingi zinashuka kwa sababu DNA inawatawanya wabebaji njiani au inabadilisha kizuizi pale kwenye dhahabu. Usilazimishe ifanane na picha ya mtu mwingine. Kinachotakiwa ni pacha na asiyehusiana watofautiane kila mara, kwenye chipu kadhaa, na mwenzako awe ameficha majina ya vichupa mpaka umalize.

Kiwango cha chini unachoweza kunasa ni kile ambacho ishara yake inafikia wastani wa bafa tupu ukijumlisha mara 3 ya mkengeuko wake sanifu (standard deviation), na hiyo bafa uipime mara nyingi, angalau 10.

Kuelekea sampuli ya kweli

Kabla hujatangaza umefika femtomola fanya hesabu hii. Femtomola 1 kwenye tone la maikrolita 10 ni molekuli kama 6000. Mgonjwa mwenye nakala 10,000 za virusi kwenye mililita moja ya damu ana kama femtomola 0.017, na kwenye tone lako hilo la maikrolita 10 kuna nakala 100 tu. Hizo 100 zitembee zenyewe kwenye maji mpaka zikute dirisha lenye upana wa maikromita kadhaa, itachukua muda mrefu kuliko uvumilivu wa mtu yeyote. Ndo maana hatua ya kuzidisha DNA kwa kuinakili, iwe PCR au LAMP inayokaa kwenye joto moja la nyuzi 60 na kitu, bado inahitajika mbele ya sensa, na sensa inabaki kusoma kilichozidishwa. Ila sehemu kubwa ya kinacholetwa na LAMP au PCR ni uzi mbili zilizoshikana, ambazo hazitaigusa probu yako, chemsha nyuzi 95 kwa dakika 5 na tumbukiza kwenye barafu papo hapo, na vianzishi vilivyobaki (vipande vifupi vinavyoanzisha kunakili) visafishe kwanza maana navyo ni DNA.

Damu usiweke moja kwa moja, albumini, protini ya damu, itafunika uso wote ndani ya dakika chache. Toa DNA kwanza, na ukifika hapo ndo uombe kibali cha maadili na ufanye kwenye maabara yenye usalama unaofaa. Na ile chipu isiyo na probu uendelee kuipima sambamba, hata siku ambayo kila kitu kinaonekana kwenda sawa.